Mjukuu wa Mkunga

Bibi mmoja wa kijiji cha Msuka aliingia chumbani kwangu hospitalini, kadi ya bima mkononi, akakataa kupimwa presha kabla hajanijua. Nikamwambia mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, nimesoma Dar es Salaam, nikaenda Uchina kujiendeleza. Akaguna.

"Nakuuliza kwenu, mwanangu."

Nikakasirika, maana foleni nje ilikuwa ndefu. Nikasema bibi yangu alikuwa mkunga wa kijiji cha Shumba.

"Yule ndiye aliyenizalisha!" Papo hapo akaninyooshea mkono nimpime, huku kadi akiifunga kwenye pindo la kanga.

"Nipe kadi, bibi. Bima tunapokea."

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mjukuu wangu, kadi huonyeshwa watu baki."