Neno la Kuulizia Walilotunga Watoto Bombani

Siku mbili nilisikia binti yangu anaadhibiwa shuleni, nikavumilia. Siku ya tatu nilimkuta, mtoto wa darasa la tatu, kapigishwa magoti juani nje ya darasa. Nikamnyanyua mwenyewe, mwalimu wake anaangalia.

"Mama, subiri kwanza. Huyu na mwenzake wanaongea lugha ya mashetani. Kila saa ngo, ngo. Wenzao wanaogopa."

"Umemuuliza maana yake?"

"Shetani naye anaulizwa maana, mama?"

Niliondoka na mtoto bila kuaga. Njiani kurudi Misunkumilo nikamuuliza mimi. Akanieleza huku anaruka, magoti bado mekundu: lugha wameitunga wao wawili, yeye na binti wa jirani, kwenye foleni ya maji.

"Na ngo ni nini?"

"Ni ya kuulizia. Si nyie mnagonga madumu?"

Kweli kabisa. Sisi wanawake wa bomba lile hatuulizani nani kashachota. Unapita, unagonga dumu la mtu kwa kidole. Lililojaa halisemi kitu. Tupu linalia ngo, unajua mwenye dumu bado anasubiri. Watoto wakaona anayeuliza ni kama dumu tupu, anataka kujazwa. Basi ngo ikawa nani, ikawa wapi, ikawa kwa nini.

"Mbona neno moja kwa yote hayo?"

"Kwani dumu la maji na la mafuta hayalii sawa?"

Nikasimama katikati ya barabara. Nimefika kidato cha nne, sarufi nimekariri mpaka kichwa kikauma, na hakuna aliyewahi kunionyesha neno linatoka wapi. Huyu kanionyesha kwa dakika mbili. Nikamwambia nipe lingine, na lingine, mpaka tukafika nyumbani.

Hapo ndipo hasira ilipopanda zaidi. Asubuhi nikapeleka barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mtendaji wa kata:

"YAH: MALALAMIKO YA MTOTO KUPIGISHWA MAGOTI SIKU TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtoto wangu na mwenzake wametunga lugha. Hawajatukana wala kumroga mtu. Naomba warudi darasani leo, na mwalimu awatangazie wanafunzi kwamba hakuna shetani. Akiwa na shaka na neno lolote, awaulize wenyewe, watamweleza.

Jibu nalihitaji kwa maandishi. Nalisubiri kwenye benchi nje ya ofisi yako."