Nilienda Tunda na kilaptop cha Linux kunakili kaye ya miaka ya vita

Wakuu, salamu kutoka Kindu, Maniema.

Kwenye jukwaa hili nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naleta la kwangu. Yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kiswahili changu ni cha huku Congo, mtanivumilia.

Baba yangu alikuwa karani wa reli, mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na kazi, hakurudi tena kwao. Mimi nimezaliwa hapa. Kazi yangu ni kuandika. Watu wenye rejista za zamani, za parokia, za shule, za vituo vya afya, wananiita niziingize kwenye kompyuta kabla mchwa hawajazimaliza.

Kazi hiyo haifanyiki mjini. Unaifuata karatasi mahali iliko, na mara nyingi iko mahali ambapo hakuna umeme.

Zamani nilikuwa natembea na laptop ya inchi kumi na tano. Nilienda nayo Pangi ikaniaibisha. Betri yake ilikuwa imechoka, jenereta ya mwenyeji ilipozimwa na yenyewe ikazima. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea, maana sikuwa nime-save. Kosa ni langu, sikatai.

Niliporudi nikanunua kilaptop cha mtumba, inchi kumi na moja, RAM GB 4, disk GB 32. Mfumo uliokuja nacho ulikuwa umejaza karibu disk yote. Jamaa mmoja wa cyber akanishauri niweke Linux nyepesi. Kuidownload kulinichukua siku mbili kwa network ya huku. Kuinstall ilikuwa chini ya saa moja.

Faida nilizoziona ni hizi. Nikipunguza mwanga wa screen, betri inanifikisha saa saba. Fundi alinitengenezea waya wa kuchajia kwenye betri ya sola. Keyboard ni ya Kiingereza na mimi nimezoea ya Kifaransa, nikabadilisha mpangilio ndani ya settings, vidole vikaenda kwa mazoea. Chote kinaingia kwenye mfuko mmoja na nguo zangu.

Sasa safari yenyewe.

Msimu wa mvua uliopita niliitwa Tunda, kwa mama mmoja nitakayemwita Mama Veronika. Ni muuguzi aliyestaafu, familia yake ilitoka Katanga. Wakati wa vita watu walikimbia Kindu na vijiji vya kandokando, wakalala porini, wengine wakateremka hadi Tunda. Kituo cha afya alichofanyia kazi hakikuwa na dawa, hata fomu za kuandikia zilikuwa zimekwisha. Yeye akachukua kaye, yaani daftari la shule, akaandika kila mgonjwa aliyepita mikononi mwake. Jina, alikotoka, ugonjwa, na mwisho wake. Aliyekufa aliandikwa pia amezikwa wapi.

Kaye ziko nne. Aliziweka ndani ya sanduku la nguo miaka yote hiyo.

Nilipelekwa na Papa Rama, mtu wa miaka hamsini na kitu, ana pikipiki na anaijua njia ya Kibombo kuliko yeyote ninayemjua. Nimeshasafiri naye mara nyingi. Si mtu wa maneno.

Siku ya pili njiani tuliteleza kwenye daraja la magogo, pikipiki ikalala kijitoni na sisi juu yake. Mfuko wangu uliingia maji. Kilaptop kilikuwa ndani ya plastiki mbili, lakini moja ilichanika.

Nisiwafiche, nilikaa chini nikakiangalia tu. Papa Rama ndiye aliyetoa bisibisi. Tulifungua mgongo, tukachomoa betri, tukakianika juu ya bati la mwenyeji mmoja siku nzima. Kesho yake kikawaka. Spika zimekufa mpaka leo, lakini mengine yote yanafanya kazi.

Tukafika Tunda. Mama Veronika akaniwekea masharti kabla hata sijakaa.

“Mwana wangu, hii kaye haitoke mu nyumba yangu,” akasema. “Utaandikia hapa. Mimi njo nitakusomea.”

Na kweli nisingeweza kuisoma peke yangu. Ilikuwa penseli, imefifia, na kurasa nyingine alibana mistari miwili ndani ya mmoja ili karatasi isiishe haraka. Kwa siku tatu alisoma, mimi nikaandika kwenye spreadsheet. Jina, kijiji, ugonjwa, mwisho. Kila baada ya ukurasa nina-save, kila jioni nakopi kwenye flash mbili.

Samahani wakuu, hapa umeme ulikatika nikapotea kidogo. Naendelea.

Kitu kimoja lazima nikiri. Ukiandika majina mamia kwa mamia, inafika wakati husikii tena kama ni ya watu. Unasikia herufi. Siku ya kwanza nilikuwa nasimama kwa kila aliyekufa. Siku ya tatu nilikuwa naangalia betri imebaki asilimia ngapi.

Papa Rama siku hizo alikuwa uani akinyoosha usukani uliopinda kule kwenye daraja. Alikuwa haingii ndani. Nilifikiri ni heshima tu kwa mama wa watu.

Siku ya tatu mchana tukamaliza. Nikawa nafunga waya zangu, ndipo akaja akasimama mlangoni.

“Masini yako inaweza kutafuta jina?” akauliza.

“Inaweza.”

“Tafuta Mwayuma.”

“Mwayuma yupi?”

“Mama yangu.”

Nilikuwa nimesafiri na huyu mtu miaka mingi na sikujua lolote la mama yake. Akanieleza akiwa amesimama vilevile. “Siku masasi ilianza mu Kindu, yeye alikuwa ameenda soko. Mimi nilivuka mto na pirogi. Nilizani yeye pia amevuka.” Masasi ni risasi, na pirogi ni mtumbwi. Baadaye akasikia kwamba waliokimbia upande wa soko walishika njia ya Kibombo. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

Nikaandika Mwayuma kwenye sehemu ya search. Hakuna. Nikajaribu kwenye kaye zote nne. Hakuna.

“Hayumo,” nikamwambia.

“Sawa. Funga, tupange mizigo. Mvua iko inakuja.”

Nilikuwa na mkono kwenye kifuniko nikikifunga, Mama Veronika akaniuliza, “Umeandika namna gani?”

Nikamwonyesha. Akavaa miwani yake akaangalia.

“Mimi sikuandika vile. Naandikaka na j. Mwajuma.”

Nikaandika Mwajuma. Yakaja matatu.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Kibombo. Wa pili alipona akaenda zake. Mstari wa tatu niliuandika mwenyewe, kwa vidole hivi, siku moja kabla, na sikumbuki hata kidogo kuuandika. Ulisomeka hivi:

Mwajuma, mama mukubwa, wa Kailo. Anasema mutoto wake ni Ramazani fundi ya kinga. Malaria, siku tisa. Amekufa. Wamezika Waislamu, upande wa kahawa.

Mama mukubwa huku ni mama mtu mzima, na kinga ni baiskeli. Papa Rama jina lake ni Ramazani, na kwao ni Kailo. Kabla ya pikipiki alikuwa anatengeneza baiskeli.

Nikamgeuzia screen. Akasoma mwenyewe, polepole. Kisha akasema anataka kuona karatasi. Mama Veronika akatafuta ukurasa, akamwekea kaye magotini. Akapitisha kidole chini ya mstari ule mpaka mwisho, akarudi mwanzo tena.

Alipoinua kichwa aliuliza jambo moja tu.

“Walimuosha?”

“Walimuosha,” Mama Veronika akasema. “Sura yake siikumbuke, sitakudanganya. Lakini kila Muislamu aliyekufa hapa, nilikuwa natuma kuita wanawake wao waje kumuosha. Hakuna hata mumoja aliyezikwa bila.”

Papa Rama akatikisa kichwa kukubali. Akatoka nje. Mvua ilikuwa imeanza, akasimama ndani yake kama haioni. Mama Veronika akanizuia nisimfuate.

Kesho yake tulienda upande wa kahawa. Kahawa haiko tena, ni mihogo. Mkulima wa pale alituonyesha mstari wa makaburi, lakini lipi ni la nani hakuna anayejua. Papa Rama akachagua kusimama katikati, akaomba dua. Mimi mkristo nilikaa pembeni na kofia zetu za pikipiki.

Njia ya kurudi tulisimama Kibombo. Tulipokuwa tunakula ndipo akaniambia, “Watoto wangu nilikuwa nawaambia bibi yao iko Kalemie. Nilikuwa sijue. Nilikuwa tu nataka kusema pahali.”

Baada ya kurudi alikusanya ndugu zake Kailo wakasoma dua. Nikaitwa, nikaombwa nije na kilaptop. Dada yake hajui kusoma. Nikamsomea ule mstari. Akaniomba nirudie pale penye jina la mtoto, ajue kwamba mama yao alimtaja mwanawe.

Papa Rama ameniruhusu kuyaandika haya, ila majina nimeyabadilisha.

Niliyojifunza, wakuu. Kwa safari zetu za huku kompyuta ndogo inatosha, na Linux nyepesi inaifufua hata ile iliyokataliwa na wengine. Plastiki weka tatu. Lakini kubwa ni hili la majina. Mashine inatafuta herufi ulizoipa, na watu wa wakati ule waliandika walivyosikia. Nilimwambia mtu “hayumo” na mama yake yumo. Kama yule muuguzi asingeuliza, tungepakia mizigo tukaondoka.

Siku hizi kila jina nalitolea safu ya pembeni, naandika namna zote linavyoweza kutamkwa: Mwayuma, Mwajuma, Muayuma. Inachosha na najua nyingine zinanipita.

Kwa hiyo nauliza wataalamu wa humu. Kuna njia gani kwenye Linux ya kutafuta jina kwa sauti yake badala ya herufi zake, kwa majina yetu haya, bila internet? Aliyewahi kufanya aniandikie hapa chini, hata kwa kifupi. Na mwenye daftari la namna hii kwao, lolote lile, atueleze limehifadhiwaje.

Nina kaye nyingine mezani hapa, za upande wa Pangi. Kuna watu wanaozihitaji na hawajui kama zipo.