Hisa ya Mtani Aliyelala Golini

Saa kumi na dakika tano za jioni mtani wangu alivua kofia yake, akaiweka kifuani, akalala chali juu ya mstari wa goli letu, huko Kisarawe. Saa hiyo naijua bila shaka, kwa sababu refa alikuwa amesimama karibu nami na filimbi yake, akatazama saa ya mkononi, kisha akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyempanga mtu yule pale. Na kwa namna fulani ni mimi niliyempanga.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizani kwa mnunuzi mmoja wa mazao pale Maili Moja. Kila juma nilikwenda kwa miguu Janga na Dutumi kupima korosho za watu. Shule niliiacha mapema, na mengine nilijisomea: magazeti yaliyofungiwa sukari, tangazo lolote lililobandikwa ukutani, na kijitabu kimoja cha mambo ya ushirika ambacho nilikisoma mpaka jalada likaachana na kurasa. Humo nilijifunza kwamba watu wengi wenye kidogo wanaweza kumiliki kitu kikubwa, mradi masharti ni yale yale kwa kila mtu. Maneno hayo ya masharti niliyapenda kupita kiasi.

Vijana wetu walikuwa na timu, lakini hawakuwa na mpira. Walicheza na matambara yaliyozungushiwa kamba. Timu ya Kisarawe ilipotualika, ilituambia kwamba mpira wao wa ngozi umepasuka, kwa hiyo tuje na wa kwetu. Kiingilio tungegawana nusu kwa nusu, ila mchezo usipomalizika kabla ya magharibi, kila mtazamaji angerudishiwa pesa yake. Nilipiga hesabu ya mpira na lori la kutupeleka, nikapata shilingi sitini. Basi nikatangaza kwamba klabu yetu ina hisa sitini, kila moja shilingi moja, na faida ya kiingilio itagawanywa kwa wenye hisa.

Niliweka meza mbele ya duka moja pale Maili Moja siku ya Jumamosi. Wa kwanza kuja alikuwa shangazi mmoja muuza vitumbua, mwenye mpwa wake katika timu. Aliishika ile karatasi ya hisa kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na mafuta.

"Mwanangu," akasema, "tukichinja ng'ombe kwa ubia, mimi najua mapema kwamba paja ni langu na utumbo ni wa jirani. Hapa changu ni kipande gani?"

Nilimweleza kwamba hisa haina kipande, kwamba kila mwenye hisa anamiliki kiasi cha kitu chote.

"Kitu chote kikiwa kumi na moja wanaokimbia, nitakishika wapi?"

Watu walicheka. Nilieleza tena, polepole zaidi, na nilipomaliza aliniwekea shilingi mezani na kusema amenunua mguu wa kulia wa mpwa wake. Baada yake nilisikia mtu akiulizia kichwa cha beki. Nikaacha kueleza, nikauza.

Jua lilipokuwa limepanda sana akaja mtani wangu. Alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa pwani na kazi ya mkonge, akaoa kwetu, akabaki, na sasa alichoma mkaa. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani akikusema vibaya mbele ya wakwe zako, unacheka tu. Ukifiwa, huja kulala ndani ya kaburi na kukataa maiti asizikwe mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumburuta, kwa sababu mtani haburutwi. Huyu alikuwa ameniandama miaka mingi kwa sababu ya mwendo wangu, aliosema ni wa mtu anayehesabu hatua ili adai malipo.

"Bwana mizani," akasema, "niandikie hisa moja ya kipa. Nitalipa mkaa ukiuzwa."

"Hisa haikopeshwi," nikajibu. "Masharti ni yale yale kwa kila mtu."

"Hata kwa mtani?"

"Hata kwa mtani."

Shangazi wa vitumbua, aliyekuwa bado hapo, aliacha kuhesabu pesa zake za vitumbua. Mtani akaikunja ile karatasi niliyokuwa nimempa aitazame, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa mno.

"Vizuri, mtani wangu," akasema. "Tutaonana kaburini."

Jioni ile mjomba wangu, ambaye alikuwa amekaa hapo muda wote akisuka ukili, aliniambia nimemnyima mtani mbele za watu, na jambo hilo lina bei. Nilimjibu kwamba utani ni wa misiba na harusi, bali hii ni kampuni. Mjomba akasema, "Haya, mwanakampuni," akaendelea na ukili wake.

Hisa zilizouzwa zilikuwa thelathini na saba. Zilizobaki hazikupata mtu, na mwenye lori hakutaka habari za baadaye. Nyumbani nilikuwa na shilingi tisini. Nilizikusanya kwa miaka miwili ili ninunue baiskeli ya mitumba ya bei hiyo hiyo, iliyokuwa ikining'inia katika duka la mtu mmoja hapo Maili Moja. Mwenye duka alikuwa ameahidi kunisubiri mpaka Jumatatu tu, kwa maana bwana mmoja wa Mlandizi naye aliitaka. Nikatoa humo shilingi ishirini na tatu nikaikopesha klabu, kwa makubaliano kwamba nitarudishiwa kwanza kutoka katika kiingilio. Kwa hiyo nilipopanda lori Jumapili asubuhi, baiskeli yangu yote ilikuwa inategemea mchezo ule uanze na umalizike.

Mtani alikuwa ndani ya lori tayari, amekaa juu ya gurudumu la akiba. Hakulipa nauli na hakuna aliyemdai. Njia yote, tukizunguka kwa Pugu mpaka tulipopanda mlima wa Kisarawe, hakunitania hata neno moja. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko matusi.

Sasa alikuwa amelala golini.

Refa alikuwa mwalimu, mgeni wa sehemu zile. Akasema, "Mwondoeni mtu huyu." Hakuna aliyesogea. Nahodha wa Kisarawe, Mzaramo kama mimi, akaja, akamtazama mtani, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee. Umepatwa na nini?"

"Marahaba. Nimefiwa na hisa yangu."

"Pole. Aliugua nini?"

"Masharti," mtani akasema, macho ameyafumba. "Alikuwa wa shilingi moja tu, maskini, na hata hivyo nikanyimwa."

Nahodha akamgeukia refa. "Bwana mwalimu, huyu ni mtani, ana haki yake. Hatuwezi kucheza juu ya msiba."

Basi habari ikaenea uwanja mzima. Akina mama wa Kisarawe, ambao hawakunijua wala hawakumjua yeye, wakaja na kumfunika kanga, na mmoja akaanza kulia kilio cha mazishi akitaja sifa za hisa: jinsi ilivyokuwa nzuri, jinsi ilivyoandikwa kwa wino, jinsi ilivyoondoka bila kuacha mtoto. Watu walilipa kiingilio waone mpira, lakini niliona wazi kwamba wameridhika. Mimi peke yangu nililitazama jua, ambalo lilikuwa limeanza kuinama upande wa minazi.

Nikaenda nikachuchumaa kando yake. "Mtani," nikasema kwa sauti ya chini, "nitakuandikia hisa kwa mkopo."

"Sema kwa sauti. Marehemu hasikii."

Nikasema kwa sauti.

"Hiyo ilikuwa bei ya Maili Moja," akajibu. "Kisarawe ni mbali. Sasa hisa utailipa wewe."

Pesa za klabu nilikuwa nimezitia mfuko wa kulia na zangu mfuko wa kushoto, ili zisichanganyike. Nikatoa shilingi moja kushoto, nikaitia kulia, nikaandika hisa ya thelathini na nane, nikaiweka juu ya kofia yake. Hakuinuka.

"Na pesa ya kufungua kaburi?"

Nikatoa thumni, nusu ya shilingi. Akaipokea bila kufumbua macho.

"Bado kuniondoa," akasema. "Babu zangu walibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Unyamwezi mpaka pwani. Wa kuwarudisha hakuonekana. Leo nadai safari moja."

Nilivua koti, nikalikunja, nikampa mpwa wa shangazi alishike. Mtani akapanda mgongoni kwangu, kanga bado mabegani. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkadiria, na kazi yangu ni mizani. Nilimbeba kutoka golini mpaka nyuma ya kibendera cha kona, watu wakipiga vigelegele, naye akiniongoza kwa kofia. Nilipokuwa nahema nilimwambia kwamba sasa ninaelewa kwa nini babu zake walipendelea pembe za ndovu. Hapo ndipo alipocheka, na nilijua mambo yamekwisha.

Tulifungwa mawili kwa moja. Mchezo uliisha jua likiwa bado na upana wa mkono juu ya miti. Wakati wote mtani alisimama nyuma ya goli akimwonya kipa aangalie magoti yake, kwa kuwa moja lina mwenyewe. Nusu yetu ya kiingilio ilikuwa shilingi ishirini na tatu na senti arobaini. Nilirudishiwa mkopo wangu pale pale, na zile senti arobaini zikabaki za klabu. Shangazi wa vitumbua alipouliza faida ya mguu wa kulia, nilimwambia ndio uliofunga lile bao moja. Akasema hiyo inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Jumatatu nilikwenda dukani na pesa zote nilizokuwa nazo. Mwenye duka alizihesabu, akazihesabu tena, akasema zinapungua. Nilimweleza habari nzima kuanzia golini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, kisha akachukua bisibisi, akafungua kengele ya baiskeli, akaiweka ndani ya kabati lake la kioo, akanikabidhi baiskeli.

Nilikuwa sijamaliza kuvuka barabara ya Morogoro mtani akatokea na kukaa nyuma kwenye keria, bila kuuliza. Tangu siku ile, kila alipokuwa na safari ya upande wa Janga, alipanda pale na kuwapigia kelele watu na mbuzi watupishe, akidai kwamba kengele ni yeye. Msimu wa mkaa ulipokwenda vizuri alikuja kwenye mizani, akaweka shilingi mbele yangu, akasema, "Deni la hisa." Nilipoinua mkono kuichukua, aliichukua yeye. "Nimelipa, na mtani amechukua. Andika hivyo."

Niliandika hivyo. Kengele bado iko katika kabati la mwenye duka, na bei aliyoibandika ndiyo hasara yangu yote katika biashara ya hisa: shilingi moja na thumni.