Nani Aliyefuta Mabomba

Mtoto wa dada yake ndiye aliyefuta mabomba ya mtaa mzima kwenye ramani, na yeye, mama yake mdogo, ndiye aliyefukuzwa kazi.

Ofisini walimwita Bi Mabomba. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu waliokosa maji. Bomba likikauka, alilitafuta kwenye ramani ya mtandaoni, akaligusa, na kitone cha kijani kikageuka chekundu. Mafundi walikwenda penye wekundu. Darasani hakukaa sana, lakini kitone hakihitaji kusomewa.

Mtoto wa dada yake alikuwa fundi wa kompyuta hapo hapo. Dada alipofariki alimwachia kijana huyo angali anatambaa, na Bi Mabomba akamlea mpaka akaota ndevu. Siku moja bosi alimwagiza kijana aiwekee ramani mlango mpya: kila mtu awe na neno lake la siri, kisha namba za kuingilia zije kwenye simu yake mwenyewe. Aweke pia mlinzi, yaani programu ya kuandika nani kaingia na kafanya nini, na kutuma ujumbe kila ramani inapozimika. Namba ya Bi Mabomba iliwekwa kwa huyo mlinzi, ili watu wakipiga awaambie wasubiri.

Katikati ya kazi kijana akajifungia nje.

"Mama mdogo, niazime neno lako la siri. Langu limenikataa."

"Fundi gani wewe, unajenga mlango ufunguo unauacha ndani?"

"Ndiyo ujue mlango wangu imara!"

Wakacheka. Akampa neno la siri, akamsomea na namba zilizoingia kwenye simu yake. Kijana akaipa akaunti ya mama yake mdogo madaraka yote, ili ajaribie mambo yake humo. Katika kujaribu huko akafuta mabomba ya mtaa wa bondeni. Yote. Hakugundua, akafunga kompyuta akaenda zake.

Watu wa bondeni walipiga simu kulalamika kuwa wamekosa maji, Bi Mabomba akatafuta bomba la kugusa asilione. Mafundi nao hawaendi pasipo na kitone. Ndoo zilikauka, watu wakaja ofisini na mapipa matupu wakiyapiga kama ngoma.

Bosi aliwaita wote wawili.

"Mlinzi hasemi uongo, mama. Akaunti ni yako, simu ni yako."

Bi Mabomba akamtazama kijana. Kijana akatazama kiatu chake. Bi Mabomba hakumtaja, maana alimpa nafasi ajitaje mwenyewe. Nafasi ikapita, mlango ukafungwa, naye yuko upande wa nje. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alichuma, akamwachia sahani nzima aliyemlea.

Tangu siku hiyo chumba chake kina kiti kimoja kinachokaliwa. Majirani zake, ambao wengi ni watu wa bondeni, humpisha njiani kama anavyopishwa mwenye upele. Akienda kuteka maji, mazungumzo hukatika. "Angalia ndoo yako," alimsikia mmoja akisema, "isije ikafutwa." Wakacheka wote. Kijana hakuja, wala hakupiga, na akipigiwa hakupokea.

Aliyebaki akimtumia ujumbe ni mlinzi. Walimfungia mlango wa ramani, lakini namba yake walisahau kuitoa. Simu ikilia, moyo ulimruka: labda ni kijana. Akifungua, anakuta: *Ramani haipatikani.* Baadaye kidogo: *Ramani imerudi.* Alijua si mtu. Hata hivyo simu aliiweka mezani, sauti juu, karibu na sahani yake.

Mchana mmoja ukaja ujumbe wa kwanza, wa pili haukuja. Akala, akaosha vyombo, akafagia palipokwisha kufagiwa. Kimya. Akampigia kijana, na safari hii akapokea.

"Mama mdogo? Kuna nini?"

"Ramani yenu imezimika."

Vidole vikasikika vikigonga kompyuta. "Loo, kweli. Wewe umejuaje?"

"Mlinzi wako bado ananiambia."

"Aa! Nilisahau kuitoa namba yako."

"Kumbe hata kunifukuza hukumaliza."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Naitoa sasa hivi, usisumbuke tena."

Bi Mabomba alitaka kusema iache.

"Itoe. Lakini kwanza nenda kwa bosi ukaseme."

"Mama mdogo, mimi nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na nani? Si wewe?"

"Ngoja niishughulikie hii kwanza. Nitakupigia."

Baada ya muda simu ikalia: *Ramani imerudi.* Akaishika mkononi akingoja na simu ya kijana. Ujumbe huo ndio ukawa wa mwisho, maana kijana aliitoa namba kweli, hilo hakulisahau. Siku hizi Bi Mabomba hubonyeza simu mara kwa mara kuona kama ingali hai. Iko hai.

Kazi hataki tena, wampe wamtakaye. Anachodai hakimo kwenye kompyuta wala kwa bosi, kimo kinywani mwa mtoto wa dada yake: asimame mbele ya bosi na watu wa bondeni aseme, "Nilifuta mimi." Hajasema.