Mnaoamini reviews za online, someni kilichonikuta kwenye duka la cherehani Mbale

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii siitii chumvi, maana mwenye aibu humu ni mimi.

Juzi binti yangu alitaka kuagiza blenda online. Ananionyesha website ya reviews: nyota tano, nyota tano, kila mtu anashangilia. Nikamwambia weka hiyo simu chini kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa askari magereza Jinja, tunaishi Bugembe. Mke wangu alitaka cherehani. Nikasikia kuna duka Mbale, upande wa Namakwekwe, linauza mpya kabisa kutoka nje.

Nikaenda. Mwenye duka alinipokea kama mkwe. Kiti, soda baridi, halafu kitabu cha wageni.

Kwa msiojua, kwetu Uganda kitabu cha wageni ni heshima. Ukifika ofisini, shuleni, hata msibani, unasaini na kuandika neno zuri. Ukiacha wazi ni kama umekataa chakula cha watu.

Nikasoma waliotangulia. Mwalimu, katekista, polisi. "Mashine nzuri sana." "Mungu awabariki." Ningebishana na nani?

"Afande, na wewe tuwekee neno," akasema.

Nikaandika: Mashine imara, haisumbui. Jina, cheo, kituo. Na boksi lenyewe bado limefungwa kamba!

Mwezi haukuisha. Ikaanza kukata uzi, kisha gurudumu likakwama. Fundi wa Bugembe alikwangua rangi kidogo tu, chini kutu tupu. Chuma chakavu kimepakwa rangi. Nilichemka, acheni tu.

Nikapanda gari kwenda kumkaba yule bwana. Njiani nikashuka Busiu kumsalimia dada yangu, mjane, anayelea watoto kwa kushona.

Nikamkuta amejaa furaha. "Kaka, ingia uone!" Akafunua kitambaa.

Wakuu, niliinama kuitazama vizuri. Cherehani ileile, rangi ileile.

Sisi tulikulia kwenye laini za askari, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Akaniambia, "Mimi nilikuwa naogopa. Lakini nikaona jina yako kwa kitabu. Nikasema kama kaka anasema haisumbui, basi. Nikauza ng'ombe."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja. Na alishaiahidi shule kuwashonea watoto sare kabla muhula haujafunguliwa.

Hatujamaliza chai, ikakata uzi.

Nikamweleza yote. Akauliza, "Uliandika mbele ya kutumia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nilifika Mbale, duka limefungwa, bwana kahama. Nikarudi Busiu. Sare zile dada alizishona kwa mkono, mimi namtungia uzi kwenye sindano, siku tatu. Hakunitazama usoni hata mara moja.

Nilichojifunza: wale wa kitabuni huenda hawakuwa watu wa kubuni. Huenda waliandika kama mimi, soda mkononi. Kwa hiyo mkiona website imejaa sifa, angalieni kama kuna mtu anayesema ametumia miezi mingapi, nini kilimsumbua, alikitengenezaje. "Limefika leo, zuri sana" hiyo ni shukrani ya mgeni, si ushahidi.

Karibuni mchangie, matusi nitayapokea. Ila kabla ya kunirarua, semeni ukweli: nyie mmeshagawa nyota tano mara ngapi kabla hamjafungua boksi, na nani alinunua kwa sababu yenu?