Vitanda Karibu na Kituo

Jua lilipoanza kupoa, miguu ya Shangazi ilikuwa inawaka moto na hakuwa amepata hata kitanda kimoja. Shangazi ndilo jina walilomwita watoto wa shule ya wenye uoni hafifu, alikofua na kupika. Kesho yake wangeshuka mjini, watoto kumi na wanne, kutibiwa macho na madaktari wageni waliokuja kwa wiki moja tu. Mwalimu mkuu alimtuma atangulie kutafuta malazi ya bei ya chini kwa kuwa aliwahi kuishi mjini. Alifukuzwa mjini, lakini hilo mwalimu hakuliuliza.

Nyumba za wageni zilizo jirani na hospitali zilikuwa za wenye nazo. Ya bei nafuu ilikuwa juu ya baa, na mlevi amelala kwenye ngazi. Nyingine ilifaa, ila ilitaka kubadili basi kituo kikuu, na Shangazi aliapa hatapita tena pale na watoto. Mwaka uliopita, katika msukumano, mtoto mmoja alishika mkono wa mpita njia akidhani ni wa Shangazi. Walimpata jioni, amekaa kimya kwa muuza viatu, mkono bado kaunyoosha.

Alipompigia simu mwalimu mkuu alijibiwa kwa mkato: kama hakuna malazi leo hii, safari imekufa. Na kulikuwa na msichana mmoja ambaye daktari alishasema jicho lake la pili halitangoja mwaka mwingine.

Ilibaki nyumba moja. Basi la hospitali lilisimama mlangoni pake kabisa, na vitanda vilikuwa rahisi. Aliijua hadi msingi, maana mchanga wake aliubeba kichwani. Miaka yote ya ujenzi aliuza chai kituoni, na kila alichopata kiliingia ukutani. Bati lilipopanda, mumewe, dereva wa lori, akaleta mke mdogo, na Shangazi akafukuzwa akiwa na furushi la nguo kwapani. Tangu hapo kesi yake ya kudai haki katika nyumba ilikuwa kwenye baraza la ardhi, ikisukumwa mbele kama mkokoteni mbovu.

Mke mdogo alikuwa anaanika mashuka. Akamtazama juu chini, yeye na kikapu chake.

"Dada, umekuja kuhesabu matofali? Kikapu chenyewe kidogo, hayataingia."

"Nataka vitanda, mwenzangu. Vya watoto. Nitalipa kama msafiri yeyote."

Mume akaitwa. Kitambi kilitangulia, yeye akafuata. Alisikiliza habari za macho huku akichokoa meno, kisha akasema pesa yake aiweke. Angempa vitanda bure wiki nzima, na maji ya kuoga juu yake. Yeye kesho asubuhi aseme tu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba nyumba hii hakuichangia hata kokoto, na kesi ifutwe.

"Wewe mtoto huna," akaongeza. "Nyumba ya nini?"

Shangazi alimwomba amkodishie tu. Alisema atawafulia mashuka mwezi mzima. Mume akajibu kwamba kama ni kukodi, vyumba vimejaa. Nyuma yake funguo zote zilikuwa zinaning'inia ukutani.

Akaenda kukaa kwenye benchi la kituo, akalia kwa hasira bila kujificha, watu wakimpisha. Baraza lingeweza kumpa haki yake. Lingeweza pia kumzika akingali anangoja. Hakuwa na kitu kingine duniani. Mabasi yalipita, akaacha kuyatazama. Kisha akarudi kwa mume, akakubali, akampigia mwalimu simu kwamba malazi yamepatikana.

Asubuhi mwenyekiti alimwuliza mara mbili kama amelazimishwa. Shangazi akasema hapana, kwa sauti nyembamba ambayo mwenyewe hakuitambua. Mke mdogo hakucheka, alitazama chini. Mume alimshukuru mwenyekiti.

Jioni basi likawashusha watoto mlangoni. Waliingia wameshikana mabega, wakigombania nani alale dirishani, wakipapasa kila walichofikia. Mmoja alipita akiburuza kiganja ukutani, chumba hadi chumba, akisifu jinsi ulivyo laini.

"Toa mkono ukutani," Shangazi akamwambia. "Utachafua. Hii nyumba ya watu."