Miguu Mirefu ya Vitanda vya Fundi Baya

Ukitaka Fundi Baya Iha akutengenezee kitanda, usianze kumweleza habari za futi tano kwa sita. Atakuacha umalize, atapuliza maranda kwenye randa yake, halafu atakuuliza swali lake moja tu: "Kwenu maji yalifika wapi?" Nawe unajigusa. Watu wa Golbanti hujigusa kiunoni. Aliyejenga juu kidogo, karibu na barabara ya Garsen, hujigusa goti na kujiona tajiri. Baya anatazama mkono ulipotua, anaongeza shibiri moja, na huo ndio urefu wa miguu ya kitanda chako. Unapenda, chukua. Hupendi, njia ile pale.

Ana kiburi, sikatai. Lakini ni kiburi alichokitolea jasho. Baba yake alihama upande wa Ganze akaja huku Delta ya mto Tana, nje kidogo ya Garsen, kutafuta shamba la mpunga, na Baya alipoona jembe na yeye haviivi, akashika msumeno. Siku hizo kitanda kilikuwa miti ya mkilifi na kamba za mkoma, basi. Kazi ilikuwa kuwamba, kuzivuta zile kamba mpaka vidole viote sugu, maana kamba zikilegea mume na mke wanakutana katikati wapende wasipende. Juu yake godoro la sufi. Nguo zinaning'inia kwenye kamba kutoka pembe hadi pembe, ukuta umepakwa chokaa, na mwenye kujiweza anabandika kalenda ya mwaka uliokwisha kwa sababu picha yake ni nzuri. Vitanda vya Baya vilijulikana toka mbali. Chini yake kuku aliatamia, magunia ya mpunga yalikaa, na mtu mzima aliweza kutambaa bila kugonga kichwa.

Mteja wake mkubwa alikuwa Hibo, mama wa Kisomali mwenye duka la mapazia na mashuka pale Garsen. Kwao mama ndiye anayempambia binti chumba cha ndoa, na Hibo alijaliwa mabinti. Ukitaka kujua jinsi vyumba vya kulala vilivyobadilika, mfuate Hibo harusi kwa harusi. Binti wa kwanza alitaka kitanda chenye nguzo nne za kufungia chandarua, na Baya akazichonga hadi zikawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Aliyefuata akataka kichwa cha kitanda chenye kioo katikati na moyo uliochongwa kila upande, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, mito, meza, mpaka redio ikavikwa. Wa baada yake akataka futi sita kwa sita, na droo mbili za pembeni, na kabati la milango mitatu. Godoro lilikuwa la sponji, na nailoni yake haikutolewa hadi mtoto wa kwanza alipoitoboa kwa meno! Baya alivitengeneza vyote. Kila mtindo ulipokuja aliulalamikia, akaukataa, kisha akautengeneza vizuri kuliko yeyote. Jambo moja tu hakulikubali, nalo ni kupunguza miguu.

Kwa hiyo mjukuu wa Hibo, Ikran, alipokuja na picha kwenye simu, kitanda cha velveti ya kijivu kilichojazwa sponji na vifungo, kimelala chini kabisa juu ya sanduku la kutilia mashuka, Baya aliigeuza simu huku na huku.

"Kichwa nitakutengenezea," akasema. "Velveti nitaipiga, vifungo nitavitia. Lakini miguu iko wapi?"

"Hakina miguu, babu. Ndiyo staili."

"Basi hicho si kitanda. Huo ni mkeka wenye majivuno."

Ikran akacheka, akaenda kununua Hola. Kwa wiki nzima Baya alikuwa akigombana na misumari.

Usimwone mkaidi bure. Mwaka wa Elnino, Tana iliingia nyumbani kwake bila hodi. Mkewe Susan alikuwa ameshikwa na uchungu. Walikuwa wameingoja hiyo mimba miaka hata majirani wakachoka kuuliza, na sasa njia ya kwenda hospitali imekuwa mto. Basi Susan akawekwa juu ya kitanda, mkunga akapandishwa juu ya kitanda, na sufuria, na kuku wawili waliojipandisha wenyewe. Baya akabaki chini, maji kiunoni, ameshika ubao wa pembeni kwa mikono miwili kana kwamba kitanda kitamkimbia. Maji yalipanda, yakapanda, yakasimama vidole vichache chini ya kamba. Hapo ndipo alipozaliwa Christine, mtoto wao mmoja. Nyumba hiyo ilibadilika baadaye, ikatiwa sakafu ya saruji na mabati, kamba zikatolewa zikawekwa mbao, sufi ikawa sponji, Susan akatundika mapazia ya zambarau. Fremu na miguu vilibaki vile vile. Nani angegusa miguu ile? Wewe ungegusa?

Mwaka huu Susan alianguka. Aliamka asubuhi, akatelemka kama alivyotelemka siku zote, mguu ukafika sakafuni vibaya, na nyonga ikavunjika. Alipasuliwa, akatiwa chuma. Daktari akaeleza jambo moja mara tatu, maana aliona mume anaangalia dirishani: mama huyu asipande wala asiruke, akikaa kitandani nyayo zote mbili ziguse chini. Christine, ambaye ameolewa Hola na anafanya kazi huko, akamchukua mama yake moja kwa moja hadi kwake, kwenye kitanda kifupi cha velveti.

"Kilichomwangusha si kitanda," Baya akasema. "Ni sakafu. Ilikuwa imemwagika maji."

"Baba," Christine akamwambia, "mama hatarudi Garsen mpaka ile miguu ikatwe. Anguko la pili hatalimudu. Nikate mimi?"

"Thubutu!"

Akarudi peke yake. Jamani, mwanamume aliyezoea mke ni mtihani. Chai ilimshinda. Mapazia hayakufunguliwa, chumba kikawa na harufu ya nguo mbichi. Alitengeneza ngazi ndogo ya kupandia, nzuri, yenye mkono wa kushikia, akaitia vanishi, halafu akaketi juu yake na kukumbuka kwamba mgonjwa amekatazwa kupanda. Akaitupa nyuma ya karakana. Akakamata msumeno, akapiga magoti mbele ya mguu wa kitanda, akauona ule mstari wa tope la Elnino ambao hakuna msasa uliowahi kuufuta, akasimama tena. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kwamba siku atakayokata ndiyo siku mto utakapoamua kurudi, na ulikuwa umerudi juzijuzi tu.

Hibo ndiye aliyemkuta hivyo, kaja kuulizia hali ya mgonjwa na maziwa yake ya ngamia mkononi. Alipousikia mkasa mzima hakumpa pole.

"Fundi, wewe unajua mimi nimezaliwa juu ya kitanda gani?"

"Sijui."

"Cha fito na mikeka. Juu ya ardhi kiasi hiki." Akaonyesha shibiri, pengine pungufu. "Na masika yalikuwa yanakuja, na maji yalikuwa yanakuja. Unafikiri tulikuwa tunafanya nini?"

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Mama alikuwa ananishika mkono, tunaondoka! Kitanda kilikuwa kinabaki au kinapandishwa juu ya punda, shauri yake. Nyinyi mnakaa juu ya mbao mnashindana na mto. Susan hakuokolewa na mbao siku ile. Kulikuwa na mtu amesimama ndani ya maji."

Hibo akaweka maziwa juu ya meza ya kurandia, akamwambia anywe kabla hayajaharibika, akaenda zake.

Kesho yake Baya alikwenda Hola. Hakubeba futi, alibeba uzi. Alimkuta Susan ameketi kitandani kwa Christine, akapiga magoti mbele yake, akapima kutoka kwenye unyayo hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Susan alimwangalia kipara chake. Akajua kinachopimwa, machozi yakamtoka, akayafuta haraka kwa ncha ya leso.

"Si lazima, Baba Christine. Nitazoea hapa."

"Mimi sitazoea," akasema Baya.

Akarudi akakata. Alikata miguu yote minne mchana kweupe, mlango wazi, na waliopita walimwona akilia, naye hakujali. Kisha, maana mtu huyu akianza jambo haishii katikati, akakigeukia chumba kizima. Alivuka barabara hadi kwa kijana anayeshona makochi, yule ambaye Baya alikuwa akimcheka kwa makochi yake mafupi, akamwomba amwonyeshe namna ya kukaza velveti. Akakifunika kichwa cha kitanda kwa zambarau inayolingana na mapazia. Vifungo vilikwenda upande kidogo. Akaipiga sakafu msasa isiteleze, akaweka taa ukutani mahali mkono wa mtu aliyelala unafika. Nakwambia, nimeona vyumba vya kulala vya watu wenye pesa zao, na sijaona kilichopambwa kwa mapenzi kuliko kile.

Christine alimleta mama yake siku ya Jumamosi. Susan aliingia kwa magongo, taratibu, akasimama mlangoni. Akaketi. Nyayo zote mbili zikatua sakafuni. Akapapasa velveti, kifungo kimoja kimoja, hasa vile vilivyokwenda upande. Halafu akainua macho.

"Na maji yakija, Baba Christine?"

"Nitakubeba."

"Na mgongo huo?"

"Huo huo."

Susan alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akaweka magongo kando, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto, akasema, "Haya, nibebe sasa nione."

Christine akapiga kelele kwamba chuma hakijashika, kwamba daktari amekataza, kwamba wazee hawa wana wazimu. Hakuna aliyemsikiliza. Baya akainama, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akavuta pumzi, akamwinua.